Majibu Niliyoyakata kwa Kalamu Nyekundu

Jumatano, katikati ya Julai. Mvua nyembamba tangu alfajiri, na upepo wa baridi unaoshuka kutoka milimani na kupenya hadi ndani ya soksi. Julai ya hapa Blacktown, Sydney, ni msimu wa baridi, na haina huruma na magoti ya mwanamke wa miaka sabini na mmoja.

Leo sitasahihisha mtu.

Mnaosoma ukurasa huu mmezoea nije hapa na makosa ya wengine: tangazo la kanisa, barua ya harusi, mtangazaji asiyejua "ambao" na "ambayo". Leo kosa ni langu. Lina zaidi ya miaka ishirini, na sijawahi kuliandika popote. Majina nimeyabadilisha. Mengine yote yako kama yalivyotokea.

Asubuhi nilikwenda kutolewa damu. Daktari anataka kujua habari za figo zangu. Dada aliyenihudumia alinifunga mpira mkononi, akajaza vichupa vitatu, akabandika jina langu juu ya kila kimoja, kisha akanionyesha nilisome. Ni wewe? Nikasema ni mimi. Akaniambia kwamba Ijumaa daktari atakuwa na matokeo mkononi, na kama kuna jambo la haraka nitapigiwa simu kabla ya hapo.

Alisema kwa Kiingereza, bila shaka. Lakini kichwani mwangu lilikuja lile neno la Kiswahili ambalo kwa miaka mingi nimewakataza watu kulitumia hivyo.

Majibu.

Majibu hutolewa kwa maswali. Damu haiulizi swali. Vipimo vina matokeo. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha.

Saa nane mchana Belyse akabisha hodi. Huyu ni binti wa Kirundi wa mtaa wa pili, yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya sayansi ya tiba. Kwao anaongea Kiingereza na mama yake anamjibu Kirundi, lakini Kiswahili cha kuandika amejifunza kwangu, Jumamosi baada ya Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha kanisa. Ni mwanafunzi wangu bora kuliko wote wa hapa. Sijawahi kumwambia.

Anaomba ufadhili wa masomo. Unatolewa kwa wanafunzi wa utafiti wa tiba wanaotoka katika jamii ambazo watu wake hawaonekani sana maabarani, na ambao kazi yao itairudia jamii hiyo kwa namna inayoonekana. Akiupata, ataendelea na utafiti wa magonjwa ya damu ya watoto. Asipoupata, atarudi kwenye ghala la Ingleburn alikokuwa akipakia vifurushi wakati wa likizo, kwa mwaka mmoja tu, anavyosema. Nimewaona wengi wa mwaka mmoja tu.

Waombaji wanatakiwa kupeleka insha kwa Kiingereza, barua ya mtu mzima anayeheshimika katika jamii yao, na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa lugha ya jamii hiyo, unaomweleza mzazi wa kawaida utafiti ni nini. Barua aliniomba mimi. Ukurasa aliniletea niukague. Mwisho ni Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Nilivaa miwani, nikachukua kalamu yangu nyekundu.

Aliandika vizuri. Katikati ya ukurasa palikuwa na maneno haya: "Tukichukua damu ya mtoto wako, tutakuambia majibu yatarudi lini. Kama hakuna majibu, tutakuambia kwamba hakuna, ili usikae unangoja."

Mkono wangu haukuniuliza. Ulikata "majibu" mara mbili, ukaandika juu yake "matokeo". Kisha ukapiga mstari katika maneno ya mwisho, "ili usikae unangoja", na pembeni ukaandika: haihitajiki.

Belyse akacheka. "Mwalimu, umenichinja tena. Ona, hata damu imetoka."

Wino ulikuwa mwingi, kweli.

"Lakini hilo neno nalitaka, Mwalimu," alisema. "Na hayo ya kungoja pia. Ngoja nikuonyeshe kwa nini."

Akafungua mkoba na kutoa mfuko wa plastiki wa kuhifadhia nyaraka. Nilijua kilichomo kabla hakijatoka chote. Niliijua rangi ya karatasi ile, na ukubwa wake.

Ilikuwa imekunjwa mara nne kwa miaka mingi, na mikunjo imeshikiliwa kwa utepe wa gundi uliogeuka njano. Chini yake kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya wino wa zambarau. Belyse alisema kidole ni cha mama yake, na karatasi ni ya dada yake mkubwa, Odette, aliyefariki kambini Tanzania wakati yeye bado yuko tumboni. Mama yake ameitunza tangu siku hizo. Anataka kuiambatanisha na insha, ili kamati ione kwa nini anataka kuitumia elimu yake kuhakikisha kwamba familia zinaelezwa.

Nikasoma mstari wa tisa, ingawa sikuhitaji kuusoma.

"Matokeo ya utafiti huu hayatatolewa kwa mtu mmoja mmoja."

Hauna kosa. Niliutafuta ubaya ndani yake, hapo mezani, neno kwa neno, na upatanisho wake hauna doa. Hilo ndilo lililonitia baridi kuliko mvua ya nje.

"Nimeandika kwenye insha," Belyse alisema, "kwamba aliyetunga karatasi hii hakuwa anamfikiria mtu kama mama yangu hata kidogo. Ni kali sana, Mwalimu?"

Nikasema birika linachemka. Nikaenda jikoni. Birika nilikuwa sijaliwasha.

Sasa niandike yaliyokuwa jikoni mle, maana nilisimama na kikombe mkononi na kambi yote ikaja.

Nilikuwa nimeacha kufundisha Kigoma mjini na kuajiriwa kama mfasiri wa watafiti waliokuja kambini kuchunguza malaria katika damu ya watoto. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa karatasi ya idhini, ile ambayo mzazi husomewa kabla ya kukubali mtoto achukuliwe damu. Rasimu ya kwanza iliandikwa na muuguzi msaidizi, mkimbizi wa Kirundi aliyeitwa Générose. Kiswahili chake kilikuwa kimevaa viatu viwili tofauti. Lakini aliandika hivi, nakumbuka hata mwandiko: "Hamtapata majibu ya hii damu. Mtoto akiumwa, umpeleke kliniki kama siku zote, usingoje."

Sentensi mbili. Ya kwanza niliikata kwa sababu ya "majibu" na kwa sababu ya "hii damu", nikaandika ule mstari wa tisa. Ya pili niliikata kwa sababu haikuwamo kwenye Kiingereza. Mfasiri haongezi.

Générose alikuja na karatasi mkononi.

"Mwalimu, hii matokeo watu wanaijua ya mitihani."

"Basi watajifunza."

"Na ile ya kungoja?"

"Haimo kwenye Kiingereza."

"Kwani kwenye Kiingereza watoto hawaumwi?"

Nilimwambia ainakili upya kwa mwandiko safi.

Watu walisomewa karatasi yangu, wakaitika kwa vichwa kama wanavyoitika kanisani, wakabonyeza vidole. Baada ya wiki mbili mwanamke mmoja mwenye mimba akaanza kuja kwenye dirisha la ofisi yetu, lile lenye wavu wa waya. Alikuja kila Alhamisi. Wakati ule aliitwa Mama Odette.

"Majibu ya Odette imetoka?"

"Mama, karatasi imeeleza."

"Nilisomewa."

"Basi."

Aliondoka bila kugomba. Alhamisi iliyofuata akarudi na swali lile lile. Nilidhani ni ukaidi. Baadaye Générose aliniambia kwamba mtoto alikuwa akilia maumivu ya miguu na mikono, na majirani walimsihi mama ampeleke kliniki, naye aliwaambia: damu wameshachukua, ninangoja majibu, daktari atatibuje kabla hayajatoka?

Kliniki ilikuwa karibu na kwake kiasi kwamba angeweza kuiona akiwa mlangoni. Ilikuwa wazi kila asubuhi.

Alhamisi ya mwisho hakuuliza. Alisimama kwenye wavu, akasema: "Nimekuja kuwaambia musitafute tena ile majibu. Mwenyewe ameshaenda."

Nami, Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililopita kichwani mwangu lilikuwa kwamba si "ile majibu". Ni "majibu yale".

Sikulisema. Lakini lilipita, na limebaki huko tangu siku hiyo, na kila mtu anaposema majibu yametoka, ya viza, ya hospitali, ya kazi, mimi huona waya.

Sijui kama kulikuwa na chochote ndani ya kichupa kile ambacho kingemwokoa. Belyse anaamini dada yake alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na watafiti wale hawakuwa wakiutafuta. Pengine angekufa hata kama angepelekwa kliniki. Nimejiambia hivyo mara nyingi, kwa sentensi zilizo sahihi kabisa.

Nilipoletwa Sydney na binti yangu miaka sita iliyopita, Jumapili ya kwanza kanisani mwanamke mmoja alinikumbatia kwa kelele: Mwalimu wa kambini! Hakujua karatasi ilitoka kwa nani. Mfasiri haandiki jina lake. Hapa watu wanamwita Mama Belyse. Lile la Mama Odette, nje ya nyumba yake, hakuna anayelijua ila mimi. Nimekula isombe, mboga yao ya majani ya muhogo, kwake kila Krismasi. Nimemshika mkono katika sala. Nimemfundisha mtoto wake bure, na watu wamenisifu kwa ukarimu huo, nami nikawaacha wanisifu.

Nilirudi mezani bila chai.

"Belyse," nikasema, "aliyetunga karatasi hii ni mimi."

Akacheka kidogo. "Acha, Mwalimu."

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya Générose na sentensi zake mbili. Nilimweleza dirisha. Sikupamba. Alipoelewa, alihamia Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wa hapa wakiumizwa, na akaniuliza mambo mawili tu. La kwanza, kama mama yake anajua. Nikasema hajui. La pili, kama ningewahi kusema siku yoyote, endapo yeye asingeileta karatasi.

Nikasema sijui.

Alikusanya vitu vyake polepole, akaurudisha mfuko wa plastiki mkobani kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Ukurasa wenye wino mwekundu aliuacha. Mlangoni akarudi kwenye Kiswahili.

"Mwambie Mama leo. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi sitasema vizuri."

Mama Belyse hufanya kazi kiwandani Smithfield, zamu ya asubuhi. Saa kumi na nusu nilikuwa mlangoni kwake na mwavuli. Alikuwa bado amevaa lile koti la njano linalong'aa, anakata vitunguu.

"Karibu, Mwalimu! Na mvua yote hii? Ungepiga simu nikufuate na gari, magoti yako hayo."

Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaomba maji, na baada ya maji nitaongea habari za mvua.

Alinisikiliza kisu kikiwa mkononi. Nilipofika kwenye dirisha lenye waya, alizima jiko. Kisha akakiweka kisu chini, akavuta kiti na kukaa.

"Kwa hiyo majibu haikuwa?"

"Hayakuwapo."

"Toka mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Na Générose aliandika?"

"Aliandika. Nikakata."

"Yule Générose," alisema, "alikuwa na akili."

Friji ilinguruma. Nje mtu alikuwa akiburuta pipa la taka. Alisugua kidole gumba chake juu ya meza, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama anayefuta wino.

"Mimi miaka yote nilisema wamepoteza. Au iko mahali, Ulaya huko, kwenye friji, na jina yake juu. Nilikuwa naogopa siku moja itakuja kwa posta. Ifike hapa, Belyse aisome, iseme ningefanya hivi na hivi, mtoto angepona." Akalisukuma ganda la kitunguu pembeni. "Nilipohama nyumba niliwaachia posta anwani mpya. Na bado naogopa."

Mwavuli ulikuwa bado mkononi mwangu, maji yake yakidondoka sakafuni kwake.

"Basi leo nimeipata," alisema.

Ni "nimeyapata". Nililisikia. Safari hii lilipita likaenda zake.

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba. Wanaosoma hapa wasiniandikie kwamba amenisamehe moyoni. Hamjui, na mimi sijui. Aliinuka, akawasha jiko, akaendelea na vitunguu akiwa amenipa mgongo.

"Barua ya Belyse umeandika?"

"Bado. Sidhani kama anaitaka tena kutoka kwangu."

"Andika. Mimi ndiyo nakuambia. Lakini uandike na hii."

"Hii ipi?"

"Hii ya leo. Waambie wewe ndiye ulikata. Wasione mtoto wangu anatunga hadithi juu ya karatasi."

Nilimwambia wakisoma hivyo wanaweza kuona kwamba mimi si mtu wa kumsemea mtu yeyote.

"Basi waone," alisema. "Na kwa ile kompyuta yako andika pia, unaandikaga kila kitu ya watu. Ila usiandike nililia."

"Hukulia."

"Basi andika hivyo."

Nimeandika hivyo.

Nimerudi nyumbani, binti yangu bado yuko zamu, nyumba iko kimya. Barua nimeimaliza kabla ya giza. Ina kurasa mbili. Inasema Belyse ni nani, amejifunza nini, na kwamba palipo na karatasi mbele ya mzazi anafaa kuwapo yeye. Kisha inasema mimi ni nani. Nimeandika kwamba mwaka ule kulikuwa na mtu mmoja ofisini aliyejua jinsi akina mama wale wangeyaelewa maneno yale, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Jina la Générose la kweli limo, kwa ukamilifu. Langu pia.

Kisha nikauchukua ukurasa wa Belyse wenye wino mwekundu. Chuoni tulifundishwa alama moja ambayo sijaitumia zaidi ya mara tano katika maisha yangu. Ukikata neno, kisha ukagundua kwamba mwandishi alikuwa sahihi na wewe umekosea, unaweka nukta chini yake, moja moja. Maana yake: liachwe lilivyo.

Nimeweka nukta chini ya "majibu", mara ya kwanza na mara ya pili. Nimeweka nukta chini ya "ili usikae unangoja". "Haihitajiki" nimeifuta.

Nimeupiga picha ukurasa, nikamtumia pamoja na barua, bila neno la ziada. Simu inaonyesha amefungua. Hajaandika kitu. Sitamsumbua. Barua ni yake, aitumie au aitupe, na kesho asubuhi nitampigia simu mchungaji, kwa kuwa bado kuna muda wa kumwandikia Belyse nyingine kabla ya Ijumaa kama ataipenda yake zaidi.

Ijumaa nitapata majibu ya figo. Haya mengine sijui yatarudi lini, wala kama yapo.